Programu ni ya bure, jibu lina gharama: nani awahudumie watumiaji wa programu huria Juba?

Mjini Juba kuna mabishano yanayozuka kila ofisi inapochagua mfumo wa kompyuta. Wapo wanaosema programu huria ni bure, kwa hiyo ichukuliwe na fedha zilizookolewa zinunue sola na betri. Wapo wanaojibu kwamba kitu cha bure hakina mwenyewe: siku kikikwama, utampigia nani simu? Na wapo wanaoamini kwamba waliotengeneza programu wana wajibu wa kumjibu kila anayeuliza. Hao wakikaa siku mbili bila kujibiwa, huona wamedharauliwa kwa kuwa wanatoka Sudan Kusini.

Kila kundi lina hoja, lakini yote matatu yanachanganya programu na huduma ya programu. Msimbo ukishaandikwa hunakiliwa mara milioni bila kumgharimu mwandishi senti zaidi. Jibu halinakiliki hivyo. Kila jibu hula muda wa mtu fulani, na mtu huyo ana kazi nyingine, familia na mwisho wa mwezi. Swali la kujadili, basi, ni nani atoe muda huo, alipwe na nani, na jibu likishatolewa liwekwe wapi ili mwingine asilazimike kuuliza upya. Katika nchi ambayo taarifa za chanjo, wakimbizi wa ndani na mgao wa chakula zinapita kwenye mifumo hii, swali hilo linagusa maisha ya watu.

Leseni inaahidi nini

Programu huria humpa mtumiaji haki ya kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kuisambaza. Haki hizo ni pana. Hata hivyo, karibu kila leseni ya namna hii ina kifungu kinachosema programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana yoyote. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, hutolewa kwa leseni ya BSD yenye kifungu hicho. Kisheria, mtaalamu wa Oslo hadaiwi jibu na afisa wa Juba.

Kwa vitendo mambo ni tofauti kidogo. Mradi usiojibu maswali hupoteza watumiaji, na mradi usio na watumiaji hupoteza wafadhili na wachangiaji. Kwa hiyo miradi mikubwa hujibu, lakini hujibu kwa hiari na kwa kipimo cha uwezo wake. Anayeelewa hivyo hupanga mapema, na asiyeelewa hugundua siku mfumo umelala na ripoti ya mwezi inadaiwa.

Programu huria zilivyofika Juba

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, ikalazimika kujenga taasisi nyingi kwa pamoja na kwa fedha za wafadhili. Mifumo isiyotoza ada kwa kila kompyuta ilikuwa chaguo la kueleweka. Wizara ya Afya hutumia DHIS2, mfumo ambao mizizi yake ni mradi wa HISP ulioanza Afrika Kusini miaka ya 1990 na ambao sasa uko katika zaidi ya nchi 70. Kenya iliusambaza nchi nzima kupitia intaneti mwaka 2011, miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kufanya hivyo. Mashirika ya misaada hukusanya takwimu kwa KoboToolbox, iliyojengwa juu ya zana za ODK za kukusanya takwimu kwa simu, kazi iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008.

Kanda yetu pia ni mtengenezaji. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulizaliwa kutokana na kazi ya kutibu VVU Eldoret, Kenya, katika ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, ulioanza kuchukua sura mwaka 2004. Ushahidi, jukwaa la kukusanya ripoti za wananchi kwenye ramani, ilianzishwa na Wakenya na wenzao Januari 2008, katikati ya machafuko ya baada ya uchaguzi. Miaka miwili baadaye ilitoa Crowdmap, huduma iliyomwezesha mtu kufungua ramani yake bila kusakinisha chochote kwenye seva yake. Hatua hiyo ilifuta kwa mkupuo mmoja maswali yote ya usakinishaji, na kwa upande mwingine ikamfanya mtumiaji amtegemee mwenye seva. Kila njia ya kupunguza maswali huja na bei yake, na hilo litaonekana tena hapa chini.

Juba yenyewe haikukaa kando. Shirika la r0g_agency la Berlin lilishirikiana na vijana wa mji huo katika kituo cha jHUB. Baadaye ulianzishwa mtandao wa #ASKnet, unaounganisha vituo vya teknolojia huria vya Sudan Kusini na vile vya makambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Go Girls ICT Initiative, shirika la wanawake wa Juba, limefundisha wasichana teknolojia kwa miaka kadhaa. Mtandao wa #ASKnet pia hutumia sanduku la #ASKotec, lenye vifaa na mafunzo ya kutengeneza vitu vya umeme mahali ambapo hakuna duka wala intaneti.

Hata hivyo kuna mambo yaliyofanya huduma kwa watumiaji iwe ngumu hapa kuliko Nairobi au Kampala. Vita vya Desemba 2013 na mapigano ya Julai 2016 viliwaondoa wataalamu wengi wa kigeni ndani ya siku chache, na maarifa yaliyokuwa vichwani mwao yakaondoka nao. Mkongo wa nyaya ulifika Juba Februari 2020 tu, ukitokea mpaka wa Uganda. Kabla ya hapo mji ulitegemea setilaiti, na nje ya Juba hali bado ni ngumu. Kiingereza ndiyo lugha rasmi, lakini mazungumzo ya kazi huenda kwa Kiarabu cha Juba, na miongoni mwa waliosomea Kenya na Uganda, kwa Kiswahili. Mikataba ya ajira nayo hufuata bajeti za wafadhili: aliyefundishwa mwaka huu huenda mwakani yuko shirika jingine.

Swali moja kwa karibu

Kabla ya kupima misimamo, tulitazame swali moja la kawaida mno. Afisa wa takwimu wa kaunti ameingiza kwenye DHIS2 idadi ya wagonjwa wa malaria wa mwezi uliopita. Anafungua dashibodi, na grafu ni tupu. Anaingiza upya. Bado ni tupu. Anaandika: "Mfumo umekula data yangu."

Data haijaliwa. DHIS2 huhifadhi tarakimu katika jedwali moja, na grafu husoma majedwali mengine ya uchambuzi ambayo hujengwa upya kwa ratiba, mara nyingi usiku. Kama usiku ule seva ilizimika au kazi hiyo ilikwama, tarakimu zipo ila hazijafika kwenye grafu. Hiyo ni sababu moja. Huenda pia akaunti ya afisa haijaunganishwa na kituo anachotaka kukitazama, au grafu imewekwa ionyeshe kipindi kingine. Na kama alitumia simu mahali pasipo na mtandao, data inaweza kuwa bado iko kwenye simu ikisubiri kutumwa.

Swali ni moja, sababu ni nne, na kila sababu ina mtu wake. Ratiba ya majedwali na ruhusa za akaunti huonwa na msimamizi wa seva ya Juba peke yake. Mtaalamu wa Oslo, hata awe hodari kiasi gani, hana macho humo. Kipindi cha grafu kimeelezwa kwenye mwongozo, na mwenzake wa kaunti jirani anaweza kumwelekeza hapo, kama anavyoweza kwenye data iliyobaki kwenye simu. Ikiwa kazi ya usiku ilikwama kwa kosa la programu yenyewe, hapo ndipo wasanidi wanahitajika.

Kwa hiyo maswali ya watumiaji yanagawanyika katika makundi manne: ya matumizi, ambayo majibu yake tayari yapo, ya mpangilio wa mahali, ambayo ni mwenye seva tu anayeweza kuyajibu, ya hitilafu ya kweli, ambayo ni ya wasanidi, na maombi ya kitu kipya, ambayo kimsingi ni mjadala wa vipaumbele na fedha. Sehemu kubwa ya hasira inayosikika Juba hutokana na swali la kundi moja kupelekwa kwa mtu wa kundi jingine.

Msimamo wa kwanza: kila swali liulizwe hadharani

Miradi mingi mikubwa, DHIS2 na OpenMRS ikiwamo, huwataka watumiaji waulize kwenye baraza la wazi la mtandaoni na si kwa barua za faragha. Hoja yao ina nguvu. Jibu la hadharani hubaki, na anayekuja mwakani na shida ile ile hulikuta. Wengi huliona, hivyo kosa katika jibu hurekebishwa. Anayejibu vizuri hujulikana. OpenMRS, kwa mfano, huwapandisha wachangiaji wake ngazi hadharani, na mtu aliyeanza kwa kujibu maswali mepesi anaweza kufikia kuaminiwa na msimbo wenyewe.

Msimamo huu una adabu yake, iliyoelezwa sana na Eric Raymond katika mwongozo wa mwaka 2001 wa jinsi ya kuuliza maswali: tafuta kwanza, eleza ulichofanya, taja toleo unalotumia. Ni adabu nzuri. Lakini inadai mengi kwa mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, anayenunua bando kwa fedha zake, na ambaye bosi wake anaweza kuona swali lake kuwa ushahidi wa kutojua kazi. Aibu ya kuuliza mbele ya watu ni kizuizi halisi, na miradi inayoipuuza huwasikia wale tu wenye ujasiri.

Tatizo kubwa zaidi ni siri za watu. Anayeeleza shida hupiga picha ya skrini, na picha hubeba majina ya wagonjwa, namba za simu, kijiji. Katika Sudan Kusini jina pekee linaweza kuonyesha mtu ni wa jamii gani, na orodha ya waliosajiliwa kambini inaonyesha walipo. Kuvuja kwa orodha hiyo ni hatari kwa uhai. Baraza la wazi halifai kupokea picha ya namna hiyo, na hakuna mradi unaoweza kuhakikisha kwamba kila mtumiaji ataikata kabla ya kuituma.

Msimamo wa pili: kundi la WhatsApp

Hii ndiyo njia ambayo watu wamejichagulia wenyewe. Sababu zinaonekana. WhatsApp iko tayari kwenye simu, bando lake ni nafuu, na mtu anaweza kueleza shida kwa sauti, kwa Kiarabu cha Juba au Kiswahili, bila kuhangaika na sarufi ya Kiingereza. Jibu huja kwa dakika. Wanaojibu ni watu wanaofahamiana, kwa hiyo aibu hupungua. Kwa maswali ya matumizi na ya mpangilio wa mahali, kasi hii haina mpinzani.

Udhaifu wake mkuu ni kusahau. Jibu zuri la Jumatatu linazikwa na salamu na matangazo ya Jumanne. Mwanachama mpya hapati yaliyosemwa kabla hajaingia. Simu ikiibiwa au msimamizi akihama kazi, kumbukumbu imekwenda. Matokeo yake swali la grafu tupu huulizwa kila mwezi, na kila mwezi mtu yule yule hulijibu, mara nyingi usiku akiwa nyumbani, bila malipo. Mtu huyo huchoka, huanza kunyamaza, na kundi huonekana limekufa kumbe mhimili wake mmoja ndio ulioanguka. Hatari ya picha zenye majina ipo pale pale, na hapa kila mwanachama ameshahifadhi nakala kwenye simu yake.

Kuna na hatari ya njia yenyewe kufungwa. Januari 2025, baada ya picha za mauaji ya raia wa Sudan Kusini huko Sudan kusambaa na kuzua ghasia, Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano iliamuru mitandao ya kijamii, ikiwamo Facebook na TikTok, ifungwe kwa muda. Amri iliondolewa baada ya siku chache. Hata hivyo, aliyekuwa ameweka huduma yake yote kwenye ukurasa wa Facebook alijifunza kwamba mlango wake una ufunguo mikononi mwa mwingine.

Msimamo wa tatu: mkataba wa kulipia

Wenye msimamo huu husema kazi ya watu ilipwe, na anayelipwa awajibike. Vikundi vya HISP vilivyoko Uganda, Tanzania na kwingineko hufanya kazi hiyo kwa DHIS2: huweka seva, hufundisha, husimamia mabadiliko. KoboToolbox ina mpango wa bure wenye kikomo na mingine ya kulipia, na malipo hayo husaidia kuendesha huduma. Faida ni dhahiri. Kuna jina, namba ya simu, na muda ulioahidiwa wa kujibu. Siri za wagonjwa zinaweza kulindwa kwa makubaliano ya maandishi. Maswali magumu ya seva, ambayo kundi la WhatsApp hubaki kuyakisia, hupata mtu anayejua.

Ila mkataba hudumu kadiri fedha zinavyodumu. Januari hiyo hiyo ya 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya afya katika kanda nzima ikasimama bila onyo. Huduma iliyotegemea mfadhili mmoja ilikatika pamoja na mfadhili. Isitoshe, mshauri anayekuja, anarekebisha na kuondoka humaliza tatizo bila kuacha ujuzi. Mwaka unaofuata ofisi inalipa tena kwa tatizo lile lile. Na shirika dogo la mtaa wa Munuki, Juba, lenye kompyuta nne haliwezi kulipia mkataba wa namna hii hata likitaka.

Msimamo wa nne: vituo na wakufunzi wa hapa

Huu ni msimamo wa mitandao kama #ASKnet: wafundishe wakufunzi, waweke karibu na watumiaji, na wape vifaa vinavyofanya kazi bila intaneti. Nguvu yake ni ukaribu. Mkufunzi huona skrini kwa macho yake, hugundua kwamba tarehe ya simu ndiyo iliyokosewa, na humwonyesha mtu jambo ambalo maandishi ya kurasa tatu yasingelieleza. Wanawake na vijana wanaoona soni kuuliza mbele ya wakubwa hupata nafasi. Kituo cha hapa pia kinaweza kuunganisha lugha tatu au nne ambazo watumiaji wanaishi nazo.

Udhaifu wake ni kina na uhai. Mkufunzi anayejua kutumia mfumo hajui lazima kurekebisha seva iliyojaa. Akishakuwa hodari, shirika kubwa humchukua kwa mshahara ambao kituo hakiwezi kuufikia. Nchi ina majimbo 10 na maeneo 3 ya kiutawala, barabara nyingi hufungwa na mvua, na kituo kimoja cha Juba hakiwezi kumfikia kila mtu. Vituo vingi pia huishi kwa ruzuku fupi, hivyo hatari ya mkataba wa kulipia inavihusu pia.

Siku hizi wengine wanapendekeza njia ya tano: kuiuliza akili unde. Kwa maswali ya matumizi yaliyokwisha kuandikwa sana inaweza kusaidia, na hutafsiri vizuri kiasi. Haioni seva ya Juba, hujibu kwa uhakika hata pale inapobuni, na huongeza mzigo upande wa pili. Daniel Stenberg, mwanzilishi wa programu ya curl, amelalamika hadharani juu ya ripoti za hitilafu zisizokuwapo, zilizoandikwa na mashine hizo, zinazowapotezea watunzaji saa za kazi. Ni msaidizi, na bado anahitaji mtu wa kuhakiki.

Mzigo wa anayejibu

Mjadala wa Juba husikika zaidi kwa sauti ya mtumiaji. Inafaa kusikiliza na upande wa pili, kwa kuwa uchovu wa watunzaji ni sababu mojawapo ya majibu kuchelewa, na wakati mwingine ni tishio la usalama.

Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri uliofichwa katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika katika mifumo mingi ya Linux duniani. Historia yake inasikitisha. Kwa miaka mingi xz ilitunzwa na karibu mtu mmoja tu, Lasse Collin, kwa kujitolea. Mwaka 2022 watu waliojitambulisha kama watumiaji walimshinikiza mbele ya wote kwamba anachelewa na awape wengine nafasi, ilhali alikuwa ameeleza kwamba afya yake ya akili si nzuri na kwamba kazi hiyo hailipwi. Msaidizi aliyejitokeza kwa jina la Jia Tan alipewa mamlaka hatua kwa hatua, na ndiye aliyeupandikiza mlango ule. Lugha ya mtumiaji anayedai ilitumika kama silaha ya kuvunja ulinzi wa mradi.

Tunachojifunza ni kwamba namna ya kuuliza ina uzito. Anayeuliza kwa heshima, akiwa amekusanya taarifa zinazohitajika, anasaidia mradi uendelee kuwapo. Na ofisi inayotegemea programu kwa kazi za uhai bila kuchangia chochote, wala muda, wala tafsiri, wala fedha, inategemea kitu ambacho haikitunzi.

Kupima

Misimamo hii minne imekuwa ikijadiliwa kana kwamba lazima ushinde mmoja. Lakini ukirudi kwenye yale makundi manne ya maswali, utaona kila msimamo una kundi unaolifaa. WhatsApp na kituo vinafaa maswali ya matumizi. Msimamizi wa hapa, mwenye mkataba au ajira, anafaa maswali ya mpangilio. Baraza la wazi linafaa hitilafu na mapendekezo. Kinachokosekana Juba ni ngazi ya kuyaunganisha, na daftari la kuyahifadhi majibu.

Sudan Kusini inaijua hali hii kutoka kwenye pampu za visima. Pampu ya msaada hufika bila bei, na kijiji kisicho na kamati, fundi na mfuko wa vipuri hurudi mtoni siku mpira wake unapochakaa. Programu huria nayo inahitaji kamati, fundi na mfuko wake.

Kwa vitendo, ngazi hiyo ingekuwa hivi. Mtumiaji anamwuliza kwanza mwenzake na kundi lake. Swali likijibiwa mara ya pili kwenye kundi, mtu aliyeteuliwa na anayelipwa kwa kazi hiyo analiandika katika ukurasa mmoja, kwa Kiingereza chepesi na kwa lugha ambayo watu wanaizungumza. Kurasa hizo zinakusanywa katika faili linalofunguka bila intaneti na kusambazwa kaunti kwa kadi ya kumbukumbu. Swali lisilojibika hupanda kwa msimamizi wa seva likiwa na mambo matano: toleo la programu, hatua zilizofuatwa, kilichotarajiwa, kilichotokea, na picha iliyoondolewa majina. Msimamizi akiona ni hitilafu ya kweli, anairudia kwenye seva ya majaribio. DHIS2 ina seva ya namna hiyo iliyo wazi kwa wote, yenye data ya kubuni ya Sierra Leone. Kosa likijitokeza na huko, linaripotiwa hadharani bila jina la mgonjwa hata mmoja.

Mpango huu una gharama zake. Kuandika majibu hupunguza kasi mwanzoni, na anayeandika lazima alipwe. Ngazi inaweza kugeuka urasimu, ambapo mtu wa kati hushikilia maswali ili aonekane wa lazima. Dawa yake ni kuliacha baraza la wazi likiwa mlango wa kila mtu, ili anayekwamishwa apite. Lugha ni gharama nyingine. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice ya Kiswahili, ushahidi kwamba kutafsiri menyu kunawezekana. Kutafsiri majibu ni kazi isiyokwisha, kwa kuwa maswali hayaishi, na hivyo inahitaji mtu wa kudumu na si warsha ya wiki moja.

Kusasisha mfumo nako ni sehemu ya huduma. DHIS2 hutunza rasmi matoleo yake matatu ya karibuni. Ofisi inayobaki kwenye toleo la zamani itajibiwa kila mara kwamba ipande kwanza, na itadhani inakwepwa. Kupanda bila mazoezi ya awali nako huvunja fomu na ripoti zilizozoeleka, na kuzaa wimbi la maswali mapya. Bajeti inayotenga fedha za kompyuta bila kutenga siku za kazi kwa jambo hili haijakamilika.

Na daftari la majibu likae wapi? Likikaa kwa mfadhili, litaondoka naye. Likikaa kwa mshauri, litakuwa bidhaa. Mahali panaposhauriwa na historia ya mji huu ni taasisi zinazobaki wakati wengine wanaondoka. Chuo Kikuu cha Juba, kilichoanzishwa miaka ya 1970 na kikalazimika kuhamia Khartoum wakati wa vita, kilirudi nyumbani na bado kinafundisha. Chuo, wizara inayohusika na vituo vya vijana vinaweza kulitunza kwa pamoja, na wanafunzi wa kompyuta wakapata hapo shule ya kazi halisi.

Muhtasari

Leseni ya programu huria inampa mtumiaji uhuru na haimwahidi huduma. Huduma inategemea muda wa watu, na muda huo lazima utengewe fedha tangu siku mfumo unapochaguliwa. Baraza la wazi hutunza kumbukumbu lakini huwaacha nyuma wenye aibu na huhatarisha siri. WhatsApp ina kasi na ukaribu lakini inasahau na inamchosha mtu mmoja. Mkataba unaleta uwajibikaji na unakatika na fedha zake. Kituo cha hapa kinamfikia mtu alipo, ila hakina kina kirefu na huwapoteza watu wake.

Mizani inaelekea kwenye ngazi inayopeleka kila swali kwa mtu anayeweza kulijibu, huku majibu yakiandikwa na kubaki Juba. Fedha zikipungua, sehemu nyingine za ngazi hiyo zinaweza kulegea na kazi ikaendelea. Daftari la majibu likikosekana, kila afisa mpya ataanza upya, na nchi italipa kila mwaka kwa maarifa ambayo tayari ilikuwa nayo. Wizara, mashirika na wafadhili wanaotia saini bajeti za mifumo hii waanzie hapo: mtu mmoja wa kuandika majibu, mwenye mshahara, kabla ya kununua kompyuta inayofuata.